Siddha na Fangasi wa Ngozi: Tuipime Dawa Moja Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu waganga wa tiba asili, wafamasia wenzangu, na wanafunzi wote mliohudhuria, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie Siddha, tiba ya jadi ya Watamil wa Kusini mwa India, na hasa namna inavyowatibu watu wenye fangasi wa ngozi. Nimelikubali ombi hilo kwa moyo mkunjufu kwa sababu jambo hili, ingawa asili yake iko ng'ambo ya bahari, limekwisha kubisha hodi katika nyumba zetu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wamekuwa wakisafiri kwenda Chennai kutibiwa moyo, figo na saratani. Chennai ni mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, na Tamil Nadu ndiko nyumbani kwa Siddha. Aliyemsindikiza mgonjwa hurudi na chupa ya mafuta, kopo la unga wa kuogea au pakiti ya vidonge, kisha siku moja hufika dirishani kwa mfamasia akiuliza kama dawa ile inafaa kwa choa cha mkewe au mapunye ya mtoto wake. Swali hilo linastahili kujibiwa kwa uzito, bila dharau na bila ushabiki.

Neno langu kuu nitalitanguliza, ili msilisubiri hadi mwisho. Anayeuliza kama Siddha inaponya fangasi ameuliza swali lisilo na jibu, kwa kuwa Siddha ni ghala lenye dawa za kila namna. Humo yamo majani yenye uwezo halisi wa kumzuia fangasi, yamo mafuta yanayolainisha ngozi kavu bila kumdhuru fangasi hata kidogo, na zimo dawa za madini ambazo mtoto mwenye choa hana haja nazo kabisa. Swali linalojibika ni hili: dawa ipi, kwa fangasi yupi, mahali gani mwilini, kwa muda gani, na nani aliyehakikisha kwamba ugonjwa wenyewe ni fangasi kweli?

Kwanza tuwatendee haki wenye tiba yao. Mapokeo ya Kitamil husema kwamba elimu hii iliachwa na Masiddhar 18, yaani wahenga wa Kitamil, wakiwemo Agathiyar, anayeheshimiwa kama baba wa tiba hiyo, Thirumoolar na Bogar. Maandiko yao yalitungwa kwa mashairi ya Kitamil na kunakiliwa juu ya majani ya mvumo, na baadhi ya nakala hizo zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba kama ile ya Saraswathi Mahal mjini Thanjavur. Anayejua jinsi tenzi zetu za kale zilivyobebwa vifuani mwa watu na katika hati zilizoliwa na mchwa ataelewa thamani ya kazi hiyo ya kunakili. Lakini Siddha haikubaki katika maktaba. Chuo cha serikali cha Palayamkottai kilianzishwa mwaka 1964; Taasisi ya Taifa ya Siddha iko Tambaram, pembezoni mwa Chennai; na tangu mwaka 2010 kuna baraza la utafiti la Siddha linalojitegemea, lenye makao yake Chennai. Anayetaka kuwa daktari wa Siddha husoma miaka 5 na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Sheria ya dawa ya India ya mwaka 1940 ilirekebishwa mwaka 1964 ili iziguse pia dawa za Ayurveda na Unani, tiba nyingine mbili za jadi za India, na Siddha nayo leo iko chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo tunapoitaja Siddha tunataja mfumo wenye vyuo, hospitali, leseni na vitabu vya fomula, na unaweza kuulizwa maswali magumu kwa sababu una watu wa kuyajibu.

Msingi wa nadharia yake ni elementi 5, yaani ardhi, maji, moto, hewa na anga, pamoja na nguvu 3 za mwili zinazoitwa vatham, pittham na kapham. Zikikaa katika uwiano wake, mtu ana afya, zikivurugika, anaugua. Wenzetu wa pwani hawatashangaa, maana tiba ya Kiyunani na Kiarabu iliyotufikia pamoja na elimu ya Kiislamu nayo inasimama juu ya mizani ya damu, balghamu, safura na sauda. Daktari wa Siddha humpima mgonjwa kwa njia 8: mapigo ya mshipa, mguso wa ngozi, ulimi, rangi ya mwili, sauti, macho, choo kikubwa na mkojo. Katika kipimo cha mkojo, tone la mafuta ya ufuta hudondoshwa juu ya mkojo wa asubuhi, kisha daktari hutazama linavyotanda: likinyooka kama nyoka huashiria vatham, likifanya pete huashiria pittham, likibaki kama lulu huashiria kapham.

Nasema wazi kwamba tone hilo la mafuta haliwezi kutuambia kama mgonjwa ana fangasi. Fangasi wa choa haishi katika mkojo wala katika damu. Anaishi katika tabaka la juu la ngozi ambalo limekwisha kufa. Hata hivyo, njia nyingine kati ya zile 8, ile ya kuigusa ngozi na kuitazama kwa subira, ni adabu ambayo wengi wetu tuliosoma tiba ya kisasa tumeiacha. Mgonjwa anafika, anaonyesha baka kwa umbali wa meza, na kabla hajakunja mkono wa shati amekwisha kuandikiwa krimu. Daktari wa Siddha aliyefundishwa vizuri atamgeuza kwenye mwanga, atapapasa ukingo wa baka, atauliza linawasha saa ngapi na linatoa majimaji au magamba. Mambo hayo yote yana maana katika kumtambua fangasi.

Naomba niyaeleze mambo ya fangasi mwenyewe kwa kifupi. Fangasi wanaoleta choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, pamoja na mapunye ya kichwani, ni wa kundi linalokula keratini, ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Majina yao ya kitaalamu ni Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton. Huanza mahali padogo na kusambaa kuelekea nje pande zote. Katikati mwili hupambana nao na ngozi huanza kusafika, huku ukingo ukibaki mwekundu au mweusi zaidi, wenye magamba na mwasho. Ndiyo maana mtu wa maabara akitaka kumpata fangasi hukwangua ukingo, akaweka magamba juu ya kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, na kutazama kwa hadubini nyuzi za fangasi zikipita kati ya seli. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na matokeo yake hupatikana siku hiyo hiyo. Mbali na kundi hilo kuna Malassezia, anayeleta mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni, na kuna Candida, anayependa mikunjo yenye unyevu. Hawa ni viumbe tofauti, na dawa inayomfaa mmoja huenda isimfae mwingine.

Siddha haikuwa na hadubini, lakini macho yao yalikuwa makali. Yugi, mmoja wa watunzi wakubwa wa tiba hiyo, aliyagawa maradhi mazito ya ngozi katika aina 18. Choa kinachosambaa hujulikana kwa Kitamil kama padarthamarai, nayo mabaka ya Malassezia huitwa themal, kwa hiyo tangu zamani walikwisha kuyaona kama magonjwa mawili. Soriasisi nayo, ugonjwa wa ngozi usiotokana na fangasi, ambao kwa mtu asiye na uzoefu hufanana na choa, una jina lake na dawa yake: majani ya mti wa Wrightia tinctoria huloweshwa katika mafuta ya nazi na kuanikwa juani kwa siku kadhaa hadi mafuta yageuke rangi ya zambarau. Nasisitiza kwamba mafuta hayo ni ya soriasisi, kwa sababu chupa yake hufika huku bila maelezo, na mtu huipaka juu ya choa kwa miezi akidhani anajitibu.

Sasa niingie kwenye dawa yenyewe ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Ni kichaka ambacho Watamil hukiita seemai agathi, na wataalamu wa mimea hukiita Senna alata. Huenda wengi wenu mmekiona kikipandwa kama ua: kina majani makubwa, maua ya manjano yanayosimama wima katika shada refu, na maganda ya mbegu yenye mabawa manne. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na leo kinaota katika nchi nyingi za joto duniani, za kwetu zikiwemo. Maana yake ni kwamba hakikuweza kuwamo katika tiba ya Watamil kabla ya merikebu za Wareno kuunganisha pande hizo za dunia. Jambo hili linanipa heshima kubwa kwa Siddha: haikuwa sanduku lililofungwa na mababu, bali waganga wake waliuona mmea mgeni, wakaujaribu, wakauweka mahali pake. Majani mabichi hupondwa na kupakwa juu ya choa, au utomvu wake hupikwa pamoja na mafuta na nta kupata marhamu, aina ya dawa ambayo wao huiita kalimbu.

Kwa nini majani haya yafanye kazi? Yana kemikali za kundi la antrakwinoni, kama vile krisofanoli, emodini na reini, na katika maabara dondoo la majani limeonyesha mara nyingi kuwa linazuia ukuaji wa fangasi wa ngozi. Krisofanoli ina historia ya kusisimua. Huko Bahia nchini Brazil kuna mti ambao ndani ya shina lake hutoka unga wa manjano uitwao araroba. Wareno waliusafirisha unga huo hadi makoloni yao ya India, na watu wa Goa wakautumia kutibu choa, hata Waingereza wakauita unga wa Goa bila kujua ulikotoka. Katika miaka ya 1870 madaktari wa London walianza kuutumia kwa magonjwa ya ngozi, na uchunguzi wa kemikali ukaonyesha uhusiano wake na krisofanoli. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuia unga huo kufika Ujerumani, wanakemia wa huko walitengeneza mbadala wake mwaka 1916, nao ni ditranoli, dawa ambayo bado inatumika kwa soriasisi. Kwa hiyo tunapozungumzia majani ya seemai agathi tunazungumzia kemikali za jamaa moja na dawa iliyokwisha kupita katika famasia za Ulaya, pamoja na kasoro zake zinazojulikana, maana jamaa hiyo huchoma ngozi ikizidi kipimo na hutia doa nguo.

Ushahidi wa wagonjwa upo, ingawa si mwingi kama ninavyotamani. Mwaka 1994 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kutumia dondoo la majani haya kwa watu wenye mabaka ya Malassezia, wakaripoti kwamba liliwasaidia bila madhara makubwa. Huko Ufilipino mmea huo huo, unaoitwa akapulko, umo katika orodha ya mimea 10 ambayo Wizara ya Afya iliipendekeza kwa matumizi ya wananchi, na losheni yake hutengenezwa na kuuzwa kama dawa ya fangasi. Mataifa mawili yaliyo mbalimbali yakifikia mmea mmoja kwa ugonjwa mmoja, huo si uthibitisho kamili, lakini ni sababu nzuri ya kuendelea kuupima.

Tahadhari yake nayo ni nyepesi kukumbuka kwetu sisi, kwa kuwa mmea huu ni ndugu wa sanamaki. Kemikali zile zile zinazomzuia fangasi juu ya ngozi huharisha zikimezwa. Asiwepo mtu wa kumnywesha mtoto chai ya majani haya kwa nia ya kumtibu choa kutoka ndani. Tena kiasi cha kemikali hubadilika kulingana na umri wa jani, msimu na namna lilivyokaushwa, na hapo ndipo mfamasia anapohitajika: marhamu isiyo na kipimo leo itaponya, kesho itashindwa, na lawama itauangukia mti.

Dawa nyingine za nje nitazipitia kwa haraka. Kuna salfa, ambayo wauza dawa za asili wa pwani huiita kibiriti upele. Siddha huisafisha kwa kuiyeyusha pamoja na samli na kuimimina ndani ya maziwa, tena na tena, kisha huitia katika dawa za ngozi. Salfa ya kupaka ina faida inayotambulika hata katika tiba ya kisasa, kwa upele na kwa baadhi ya fangasi, kwa sababu hulainisha na kubandua tabaka la juu wanamoishi. Kuna kuppaimeni, gugu dogo liitwalo Acalypha indica, ambalo majani yake hupondwa na chumvi. Gugu hilo linaota hata katika ardhi yetu, na paka huvutwa sana na mizizi yake. Kuna mafuta ya ukoka, kuna mwarobaini, ambao hauhitaji kutambulishwa hapa, na kuna unga wa kuogea wa choroko, manjano na mizizi yenye harufu nzuri, unaotumiwa badala ya sabuni. Unga huo wa choroko naupenda kwa mtu ambaye ngozi yake imekaushwa na sabuni kali, lakini asidhani kwamba umemtibu.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu mafuta. Dawa nyingi za ngozi za Siddha ni thailam, yaani mafuta yaliyopikwa na mimea. Malassezia ni fangasi anayeishi kwa kula mafuta. Maabara zinapotaka kumfuga humwekea mafuta ya zeituni. Kumpaka mgonjwa wa themal mafuta mazito ya mimea kifua kizima, katika joto la Chennai au la Tanga, ni kumwandalia fangasi huyo chakula. Mtu huyo huyo akipewa salfa, au dondoo la seemai agathi lisilo na mafuta, huenda akapona. Ndiyo sababu nimesema tuipime dawa moja moja.

Upo pia mti ambao nataka waganga wetu waujue ili wauepuke. Huitwa serankottai, na jina lake la kitaalamu ni Semecarpus anacardium. Siddha hutumia kokwa zake katika dawa za maradhi sugu ya ngozi baada ya kuzisafisha kwa utaratibu mrefu. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na ndugu zetu wa Mtwara na Lindi wanajua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua mikono ya wabanguaji. Usafishaji ukikosewa, dawa hiyo huacha malengelenge makubwa kuliko choa chenyewe. Choa hakihitaji hatari ya namna hiyo.

Nije kwenye dawa za kumeza, na hapa sauti yangu itabadilika kidogo. Kwa desturi matibabu ya ngozi katika Siddha huanza kwa haluli, ili kutuliza vatham, kisha hufuata dawa za ndani, nazo nyingine ni za mimea na nyingine ni za madini. Siddha inasifika kuliko tiba nyingine za India kwa ustadi wa kuchoma na kusaga madini: zebaki, aseniki, risasi, shaba na mrututu. Wenyewe husema kwamba taratibu za usafishaji huondoa sumu. Siwezi kulikubali dai hilo kwa dawa yoyote ambayo haijapimwa katika maabara, kundi baada ya kundi. Mwaka 2004 madaktari wa Boston nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda, tiba iliyo dada wa Siddha, zilizotengenezwa Asia Kusini na kuuzwa katika maduka ya mji huo. Dawa 14 kati ya hizo zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, zebaki huharibu figo, na madhara hayo hayaonekani siku dawa inapomezwa. Kumpa binadamu hatari hiyo kwa ajili ya ugonjwa unaoishi katika ngozi iliyokwisha kufa ni kosa, na nalisema kwa mganga wa Chennai kama ninavyolisema kwa mganga wa kwetu. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiguswe kabisa na vidonge hivyo.

Lakini ndani ya taratibu hizo hizo za Siddha kuna jambo ambalo limenifundisha. Matibabu yao mara nyingi huhesabiwa kwa mandalam, yaani siku 48, na katika muda huo mgonjwa hushika pathiyam, mwiko wa vyakula: aache biringanya, samaki wakavu, vitu vichachu na kadhalika. Fangasi hajali kama umekula biringanya. Siku 48, hata hivyo, ni muda unaoendana vizuri na biolojia ya ngozi. Tabaka la juu huchukua takriban mwezi mzima kujibadilisha, na griseofulvin, dawa ya hospitalini ya mapunye, hutolewa kwa wiki 6 hadi 8. Wagonjwa wetu wengi hushindwa kupona kwa sababu mwasho ukikoma siku ya tano, krimu huwekwa juu ya kabati, wakati fangasi bado yu hai ukingoni. Yule anayeshika mwiko wa vyakula kwa mandalam nzima hukumbushwa kila anapokaa mezani kwamba bado yumo katika tiba. Natamani sana tupate namna yetu ya kumkumbusha mgonjwa hivyo. Isitoshe, mwiko huo humfanya mtu azungumze na daktari juu ya anachokula, na kwa mwenye Candida asiyepona mazungumzo hayo yanaweza kufichua kisukari ambacho hakikuwa kimegunduliwa.

Haya yote yana uharaka mpya. Katika miaka ya karibuni India imekumbwa na wimbi la choa kisichosikia dawa. Fangasi anayehusishwa sana na wimbi hilo alipewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, na wengi wa jamii yake wamepata mabadiliko ya kijeni yanayowafanya wasidhurike na terbinafine, dawa tuliyoitegemea. Mwaka 2023 maofisa wa afya wa Marekani waliripoti wagonjwa wawili New York, na mmoja wao hakuwa amesafiri nje ya nchi. Madaktari wa India wanaitaja sababu moja kubwa ya hali hiyo: krimu zenye mchanganyiko wa steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi, zinazonunuliwa bila cheti. Steroidi huzima mwasho na wekundu, mgonjwa hufurahi, kumbe imelaza kinga ya ngozi huku fangasi akitanda mwili mzima. Mwaka 2018 serikali ya India iliamuru steroidi nyingi za kupaka ziuzwe kwa cheti cha daktari tu. Krimu za aina hiyo ziko hata katika maduka yetu.

Katika hali kama hiyo watu huikimbilia mitishamba, na si vibaya kuitafuta ndani yake dawa mpya. Ubaya ni pale mtishamba unapokuwa wa jina tu. Uchunguzi uliofanywa Birmingham nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba krimu nyingi walizopewa watoto kama dawa za mitishamba zilikuwa zimetiwa steroidi. Kwa hiyo mgonjwa akikuletea marhamu isiyo na orodha ya viungo, inayotuliza choa kwa siku mbili halafu choa kinarudi kikubwa zaidi kila anapoiacha, shuku steroidi, hata kama chupa ina picha ya jani.

Na kuna mahali pamoja ambapo sitakubali mabishano, napo ni kichwani mwa mtoto. Katika mapunye fangasi ameingia ndani ya shina la nywele, chini ya ngozi, ambako marhamu haifiki, iwe ya Chennai, ya Moshi au ya kiwanda cha Ulaya. Dawa ya kupaka inaweza kupunguza uambukizaji kwa watoto wengine, lakini kinachoponya ni dawa ya kumeza ya hospitalini. Mtoto anayecheleweshwa anaweza kupata uvimbe wenye usaha na kubaki na upara wa kudumu.

Namalizia na ombi kwa chuo hiki na kwa waganga waliopo. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, ina Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi. Tunayo pia dawa rahisi ya kulinganishia, marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ambayo mfamasia anaweza kuichanganya mwenyewe. Naomba tuutengeneze utafiti mmoja mdogo ulio safi: marhamu ya majani ya Senna alata yenye kipimo kinachojulikana cha antrakwinoni, ishindanishwe na Whitfield katika kianzio kile kile cha vaselini, kwa wanafunzi wa shule wenye choa cha mwilini, wagawanywe kwa kura, na anayewakagua asijue nani amepaka nini. Magamba yatazamwe kwa hadubini siku ya kwanza, wiki ya 4, na tena wiki ya 8, ili tujue nani amepona na nani ametulia tu. Wazazi waelezwe na waridhie kwa maandishi, na mganga atakayetuonyesha namna yake ya kuandaa majani atajwe katika ripoti kama mshiriki. Mtoto atakayekutwa na mapunye kichwani wakati wa kuwachagua washiriki asiingizwe katika utafiti. Aanzishiwe griseofulvin siku hiyo hiyo, na ndugu zake wanaolala naye chumba kimoja wachunguzwe vichwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.